Marashi Juu ya Piano

Enzi zetu, wenzangu mliobakiwa na meno ya kuchekea, muziki ulisikilizwa kwa masikio. Najua vijana hawataamini. Wao huinua simu juu, wakaurekodi, wakaenda nao nyumbani, wasiufungue tena.

Nazungumzia Tanga ya miaka ya hamsini, nilipokuwa mdogo, kabla sijaiacha shule ili nipate nafasi ya kujifunza mambo. Upande wa Uzunguni palikuwa na ukumbi wenye sakafu ya mbao inayong'aa hata ukaona haya kuikanyaga. Sisi watu wa Chumbageni tuliufahamu vizuri sana, kwa nje. Siku moja tukaambiwa kwamba mke wa meneja wa shamba moja la mkonge, memsabu mwembamba mwenye vidole virefu, atapiga piano humo, na wenyeji tumekaribishwa. Nadhani walituonea huruma kwa kukosa muziki. Sisi, ambao kila harusi mtaa mzima haulali!

Kazi ya kuutambulisha muziki huo kwa Kiswahili alipewa Ami Hamdani, mdogo wake baba, karani na katibu wa kikundi chetu cha taarabu. Bwana msimamizi wa ukumbi akamwahidi: watu wako wakikaa kimya mpaka mwisho, nitawapa ukumbi mfanye taarabu yenu ya Idi. Ami akapoteza hamu ya kula. Alipita nyumba kwa nyumba akibembeleza, "Jamani, ni kukaa tu! Mtu mzima anashindwa kukaa?"

Tukaenda baada ya alasiri. Mabuibui yananukia udi, kanzu zimepigwa pasi ya mkaa, na sisi watoto tumepakwa mafuta ya nazi hadi tunateleza vitini. Memsabu akasimama, akaeleza kwa Kiingereza kwa muda wa kuivisha maharage. Kumbe, kama Ami alivyotuambia baadaye, alisema mtungaji ni Mzungu wa zamani, na muziki una sehemu tatu: ya kwanza ya taratibu, ya pili nyepesi, ya tatu kali. Kisha Ami akatugeukia.

"Mabibi na mabwana, wimbo huu hauna maneno."

Ukumbi ukaguna.

"Hauna maneno?" akauliza shangazi yangu, Bi Rukia, bila kunong'ona. "Sasa tutajuaje anasemwa nani?"

Swali la haki kabisa. Kwetu wimbo wa taarabu hauimbwi bure. Una mwenyewe, na mara nyingi amekaa safu ya pili. Ami akaona watu wameanza kutafuta viatu. Akajifuta jasho, akasema, "Maneno yapo, ila mtungaji ameyaficha ndani ya sauti. Kila mwenye lake moyoni atayasikia."

Hapo ndipo Idi yetu ilipopotea.

Memsabu akaanza taratibu. Shangazi akainamisha kichwa, akasikiliza, akatabasamu. "Msikieni anavyonyemelea milango ya watu," akasema, macho yake kwa Bi Zuwena, jirani yetu, ambaye hawakuwa wakisemezana naye tangu harusi moja ya kwa shangazi iliyoishiwa wali.

"Anayejijua kajijua, shoga," akajibu Bi Zuwena. "Mimi nasikia sufuria tupu."

Sehemu ya tatu ikashuka kama mvua ya masika juu ya mabati. Shangazi hakuweza tena. Alitoa mrashi wake wa fedha, ule wa kunyunyizia wageni harusini, akaenda mbele kwa mwendo wa kujidai, kama anayemtuza mwimbaji wa taarabu, akamnyunyizia memsabu marashi kichwani, mikononi na juu ya piano, huku kamkazia macho Bi Zuwena. Bi Zuwena naye akubali kushindwa? Alichomoa kikuba chake cha asumini na rihani, akamchomeka memsabu kwenye nywele. Vigelegele vikapaa. Memsabu akaendelea kupiga, marashi yakimchuruzika puani.

"Mabibi, kaeni, Idi yetu hiyo!" Ami alilia, tarbushi mkononi.

Msimamizi alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. "Hawa watu," alimwambia Ami baadaye, "hawajui kusikiliza." Ukumbi tukanyimwa.

Taarabu ya Idi tukaifanya uwanjani Chumbageni, chini ya maturubai, na Ami akamwalika memsabu. Akaja, kwa heshima kubwa. Tukampa kiti cha mbele. Akaweka mikono mapajani, akakaa kimya kama aliyefiwa, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakutuza mtu, hakuinuka, hakuguna. Mwisho akapiga makofi kidogo.

Shangazi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Maskini," akasema, "hajui kusikiliza."

Nimetangatanga sana tangu hapo, kutoka Horohoro hadi nisikokumbuka. Siku hizi kumbi zimefunguliwa kwa kila mtu, viti laini, hewa baridi, na watu wamestaarabika: wanakaa kimya, kila mmoja na kioo cha simu yake, muziki unapita juu ya vichwa vyao bila kumsumbua yeyote. Bwana msimamizi angefurahi. Hakuna anayesemwa, hakuna anayejibu. Mimi kila nikikuta piano mahali, hotelini au kanisani, huinama kwanza nikainusa. Mpaka leo sijapata hata moja yenye harufu.