Ng'ombe Tuliyemwacha Afe

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa madrasa na mchinjaji wetu hapa Misima. Mfugaji wa Kimasai aliyetaka kuwauzia nyama Waislamu alimwita yeye, maana mnyama asiyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu sisi hatumli. Na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwahi. Ng'ombe akianguka, mtu alitumwa mbio: mwalimu, njoo, bado anahema. Akiwahiwa ni nyama. Asipowahiwa ni kibudu, hasara kwa mwenyewe na haramu kwetu. Mdogo wangu aliona kuwahi ni ibada, na mimi dada yake, niliyemfundisha Kurani angali na meno ya utoto, niliona hivyo hivyo.

Mwaka ule mvua za vuli ziliungana na za masika. Maji yalisimama mabondeni mpaka nyasi zikaoza, na mbu wakauma hata mchana. Kisha ng'ombe wa jirani yetu Mmasai wakaanza kutupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Asubuhi moja alikuja mwenyewe.

"Yeyo," aliniambia, ndivyo wanavyomwita mama kwao, "mwalimu yuko wapi? Ng'ombe wangu mweupe anakata roho."

Mdogo wangu alikwisha toka na kisu. "Wewe unaniita kwenye misiba tu. Siku ya maziwa hunijui."

"Maziwa gani? Unakunywa kuliko ndama. Twende!"

Alirudi na damu mpaka kwenye viwiko, kama siku zote, nikammiminia maji anawe.

Siku chache baadaye homa ikamlaza. Zahanati walipima malaria, haikuonekana. Viungo vilimuuma hata akawa anaswali amekaa. Homa ilipoondoka nilimshukuru Mungu, nikadhani imekwisha. Lakini alfajiri moja baada ya swala alifungua msahafu, akaufunga, akaufungua tena.

"Dada, huu msahafu umelowa? Herufi zimeyeyuka."

Niliupokea. Ulikuwa mkavu.

Tulikwenda Korogwe, tukafikia kwa binti yangu anayekaa mtaa wa Manundu. Asubuhi tulitembea kwenda hospitali, yeye ameshika pindo la kanga yangu. Daktari wa macho alisema jeraha liko ndani, nyuma ya jicho, na hajui dawa ya kulirudisha. Alisema taratibu, mkono wake ukiwa begani kwa mdogo wangu. Nikaomba dua palepale kwa sauti, na daktari akasubiri nimalize. Mungu amlipe kwa subira ile.

Tuliporudi tuliwakuta watafiti wamefika. Walitundika mitego ya taa kwenye maboma kukamata mbu, wakatoa damu ya mifugo na ya watu. Aliyewaongoza alikuwa binti, daktari wa mifugo, hakupita mlangoni bila shikamoo. Alichukua damu ya mdogo wangu, na majibu yalipotoka alikuja kukaa nasi jamvini. Ni homa ya Bonde la Ufa, alisema. Mbu humwambukiza ng'ombe, na mtu anaweza kuumwa na mbu huyo, lakini wengi huipata kwenye damu ya mnyama mgonjwa anapochinjwa. Mayai ya mbu wale hukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi, yakingoja mvua kama ile.

"Kwa hiyo ni yule mweupe," mdogo wangu alisema.

"Hatuwezi kujua ni yupi, babu. Ila wagonjwa msiwachinje. Nawaomba."

"Wafe?"

"Wafe. Wafukiwe bila kupasuliwa."

"Mjukuu wangu, maisha yangu yote nimekimbia ili wasife hivyo."

Kwa elimu tuliyosoma, kipofu akichinja nyama ni halali, ingawa haipendezi. Watu walilijua hilo. Kwa hiyo ng'ombe mwingine alipoanguka, jirani alikuja tena, na mimi nikamwongoza mdogo wangu mpaka bomani. Watu walikwisha fika na mabeseni. Wapo walioshika visu, wakingoja tu mwalimu aseme ndiyo.

"Sema neno, mwalimu," jirani alisihi. "Huyu ndiye aliyebaki na maziwa. Watoto wangu watakunywa nini?"

"Rafiki yangu, una macho mangapi?"

"Mawili."

"Na hao wenye mabeseni?"

Hakuna aliyecheka.

"Basi mwacheni."

Tukasimama. Sikuwahi kumsikia ng'ombe akifa mwenyewe, siku zote kisu kilitangulia. Huyu alikoroma, akapiga teke vumbi, akatulia, akakoroma tena.

"Bado anahema?" mdogo wangu aliuliza.

"Bado."

Mkono wake wa kulia alikuwa anaufumba na kuufumbua. Nilimsikia akinong'ona bismillahi, na mkononi hana kitu. Aliuliza tena, nikamjibu bado. Mwishowe sikungoja aulize.

"Amekwisha."

Jirani alivua shuka lake akamfunika ng'ombe kichwa, kisha akaomba jembe. Nilimgeuza mdogo wangu tukashika njia ya nyumbani. Nyuma yetu majembe yalianza kuchimba.

"Mabeseni yameondoka matupu?" aliniuliza.

Niligeuka nikatazama. Wanawake walikuwa wanateremka kwa njia ya pili, mabeseni wameyapachika kwapani.

"Matupu yote."

"Alhamdulillahi," alisema, na ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu macho yale yalipokwenda.