Mwisho Aliotusimulia

Habari ya msiba ilinikuta mji wa Katy, hapa Texas, nyumbani kwa shemeji yangu. Yule Mrundi wa mtaa wetu wa Vickery Meadow, Dallas, aliyekuwa akitutafsiria filamu amefariki. Alianguka ghalani, akiwa kazini, na mkanda unaosafirisha maboksi haukuzimwa. Wenzake walimwinua huku maboksi yakiendelea kupita. Chai sikuimaliza. Njia nzima ya kurudi Dallas nilikuwa nagombana naye kichwani, kama tulivyozoea, na iliniuma kwamba safari hii hajibu.

Wengi wenu mnaijua kazi ile: filamu ya kigeni inaonyeshwa, sauti inapunguzwa, mtu anasimama kando ya televisheni na kuisimulia kwa Kiswahili, akiwabandika waigizaji majina ya mtaani. Alianzia kambini Tanzania, kwenye kibanda cha video, kwa filamu za karate. Huku karate aliiacha. Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi wa kanisa, alionyesha filamu za Wamarekani weusi waliogoma: wafua nguo, wazoa taka, wapagazi wa treni. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya makuli weusi wa bandarini, huku huku Texas. Msimamizi wao alimpa jina la msimamizi wa ghala walimofanya kazi yeye na wengi wa watazamaji, na ukumbi ulikuwa ukivunjika mbavu. "Boss, leo hatubebi! Lete maji, lete kivuli!" Mwishoni matajiri walisalimu amri na makuli wakarudi kazini wakiimba.

Mimi, mwandishi wa makala, nilimwambia kwa mizaha hiyo anaichezea historia ya watu walioumia kweli. Akacheka. "Dada, wewe unaandikia watu walioketi. Mimi natafsiria watu wanaoingia shifti kesho." Nilichukia jibu lile, hasa kwa sababu kiangazi kilichofuata, joto lilipozidi, wafanyakazi wa ghala walikaa chini mlangoni wakakataa kubeba mpaka feni zikaletwa.

Kwenye matanga, mchana, waliamua kuionyesha filamu ile kwa heshima yake. Ghala zima la wenzake lilikuwepo, na walikuwa wamekubaliana kwamba Jumatatu wakae chini tena: mtu akianguka, mkanda uzimwe. Binti yake, anayesomea uuguzi, akaombwa atafsiri. Kwa mara ya kwanza sauti ya filamu ikafunguliwa. Alianza vizuri, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, wait. Hawaku-win. Wote walifukuzwa."

Mama mmoja Mkongo, aliyefanya kazi na marehemu meza moja, akamgeukia mjane. "Kumbe alitudanganya?"

"Alikuwa anajua," mjane akasema. "Nilimwambia, siku moja watu watajua. Akasema, wakijua wawe tayari wamepata feni."

Nilipandwa na hasira pale pale msibani. Watu wenye watoto na kodi ya nyumba walikuwa wamekaa kiangazi kile mbele ya mlango wa ghala wakidhani wanafuata njia ya washindi. Nikafungua mdomo kusema, lakini yule Mkongo alinitangulia. "Rudisha nyuma, mtoto. Utafsiri yote, hata ile mbaya. Lundi, hiyo Jumatatu yenu, tunaenda kazi, inafaa tujue." Wakaitazama tena mpaka mwisho wake halisi, mwanamume mmoja akijifuta macho kwa mkono wa shati. Ilipokwisha yule mama akakunja kitenge chake. "Bon. Tutaikala chini vile vile."

Jumatatu walikaa. Niliegesha gari ng'ambo ya barabara nikawaona, wamekaa kwenye saruji jua likiwawakia. Leo ni Jumanne, na tangu asubuhi nampigia yule mama simu, haishiki. Bado nasema mtu anayehatarisha riziki yake anastahili kuambiwa ukweli, na wao waliuomba wakaubeba. Ila nimejifunza jambo ambalo sikulijua wakati nikimkosoa marehemu: ni vigumu mno kuwatazama watu unaowapenda wamekaa chini vile, na usiwaambie kwamba watashinda. Natazama simu. Laiti angekuwepo anisimulie mwisho, hata wa kutunga.