Chumba cha Rangi ya Chai ya Maziwa

Niliolewa vita vya pili vya dunia vikikaribia kwisha, nikapelekwa Kibokoni kwa mama mkwe wangu. Mimi na mume wangu tulipewa chumba cha juu. Kuta zake zilikuwa za chokaa nyeupe, na asubuhi jua likiingia dirishani ziliniumiza macho, pazia au pasi na pazia. Kule Ganjoni, kwa mama wa Kihindi aliyenishonea nguo za harusi, nilikuwa nimeona kuta za rangi ya chai ya maziwa. Siku ile nilipimwa nguo nikitamani nisiondoke.

Nilimwambia mume wangu habari ya rangi ile. Alikuwa karani forodhani, mtu mpole. Mama yake aliposafiri kwenda Lamu kwa dadake, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi na tukipake sasa." Rangi ya dukani ilikuwa haipatikani kwa sababu ya vita, kwa hivyo akaleta chokaa, udongo wa manjano na ngeu, ule udongo mwekundu wa maseremala. Tulichanganya ndani ya karai. Alitia ngeu kijiko kimoja kimoja, akapaka kidogo ukutani na kuniuliza, "Ndiyo hii?" Mara ya tano nikasema ndiyo. Tulipaka siku mbili. Alikuwa na madoa hadi masikioni, nami nilicheka mpaka nikaketi chini. Sikumbuki kama tulicheka vile tena.

Mama mkwe alirudi baada ya wiki tatu. Alipanda ngazi, akasimama mlangoni, akazitazama kuta zote nne.

"Nani amefanya haya?"

Nilingoja mume wangu aseme. Alikuwa akitazama miguu yake.

"Ni mimi, Mama," nikasema.

"Nyumba hii aliijenga baba yangu. Haijawahi kuwa na rangi ya matope."

Akashuka ngazi. Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwetu kumtazama mama yangu aliyekuwa na homa. Niliporudi alasiri, chumba kilinuka chokaa mbichi. Kitanda kilikuwa kimesukumwa katikati, na shuka zangu za harusi zimejaa matone meupe. Mume wangu alikuwa ameketi dirishani.

"Ulikuwapo mafundi walipokuwa wakipaka?"

"Nilikuwapo."

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Nyumba ni yake." Akageukia nje. "Ni rangi tu, mke wangu."

Hayo pengine ningeyasahau. Lakini mwaka mmoja baadaye, nikiwa ndani natayarisha kahawa ya wageni wake, nilimsikia akiwasimulia barazani jinsi mkewe alivyokipaka chumba matope mama yake alipokuwa safarini. Wakacheka wote, naye akacheka kuwapita.

Alipoingia kuchukua dele la kahawa nikamwuliza, "Udongo ule aliuleta nani?"

"Nilikuwa nafanya mzaha tu."

"Nimekuuliza aliuleta nani."

Akachukua dele, akatoka.

Tuliishi katika nyumba ile miaka mingine sita. Sikumwomba tena kitu cha nyumba, si pazia, si mkeka, si hata taa ilipovunjika. Majirani walisema mume wangu amepata mke asiye na makuu, na mama mkwe naye akaanza kunisifu mbele za watu.