Kombe la Mwalimu Didas: ubishi wetu pale Sumbawanga kuhusu mguu wa Kasiani

Wakuu, salaam kwenu nyote mnaoshinda humu ndani kama mnalipwa.

Juzi kuna uzi ulipandishwa wa kubishania makocha wa zamani, nani alikuwa mkubwa kweli na nani alibebwa na wachezaji wake. Nimeusoma wote nikawa nacheka peke yangu, maana ubishi kama huo sisi tuliufanya Sumbawanga msimu mzima, nusura tupigane viti.

Naweka hapa ilivyokuwa. Sina cha kupata kwa kuongeza chumvi, na waliokuwepo wengine wamo humu na ID zao za ajabu ajabu. Nikikosea watanirekebisha, ila wasinitukane.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa.

Mimi nilikuwa nauza mitumba karibu na soko. Vijana wa leo hamuwezi kuelewa. Miaka michache nyuma, shati jipya lilikuwa habari ya mtaa mzima. Halafu ghafla mabelo, yale marobota ya mitumba, yakaanza kushuka kwenye malori, na unamkuta mzee wa Mpui anapalilia ulezi wake amevaa jezi ya timu ya Ulaya ambayo hata jina lake halijui.

Pembeni ya meza yangu alikaa fundi cherehani anaitwa Kasiani. Nikiuza suruali pana, yeye anaipunguza hapo hapo mteja anasubiri. Cherehani chake kilikuwa cha kukanyaga, na alikikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Wa kulia aliunyoosha pembeni, kifundo kilikuwa kimekakamaa, hakikunjiki.

Mtaani walimwita Kaficha. Hakulipenda hilo jina hata kidogo, lakini alikuwa mtu mpole, akiitwa anaitika.

Sasa nieleze jina lilitoka wapi.

Miaka kama kumi kabla, Kasiani alikuwa mwanachuo wa ualimu na winga wa kulia wa timu ya chuo. Chuo chenyewe sikitaji, msinibane. Kocha alikuwa Mwalimu Didas, mwalimu wa hesabu, mrefu, mkimya, na mjini kwetu alikuwa anaheshimika kuliko wakubwa wengi wa ofisini.

Enzi hizo vitu vilikuwa adimu. Chuo kilikuwa na seti moja ya jezi, za akiba hakuna. Mchezaji akishindwa, lazima aivue ya kwake avae mwenzake.

Kwa hiyo Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya mechi anawapanga mstari mbele ya mashabiki, wote wameshavaa, anapita mbele yao anasema maneno mawili tu: "Asiyeweza avue."

Ukivua, jezi anapewa wa akiba, na wewe unabeba ndoo ya maji mpaka mpira uishe. Kifua wazi. Anayeijua baridi ya Ufipa mwezi wa saba, na ule upepo, anajua naongelea nini. Na wasichana wa mjini wote wako pale wanakuangalia.

Nani atavua? Mimi nilikuwa shabiki wa kila mechi tangu utoto, na waliovua nawahesabu kwa shida.

Basi ikaja fainali ya vyuo, tukicheza na chuo cha mkoa wa jirani, uwanja wetu. Mwalimu akapita mbele ya mstari, akasema maneno yake, hakuna aliyevua. Kasiani akafunga bao, likawa la pekee. Kipindi cha pili akawa anakimbia peke yake, hakuguswa na mtu, akaanguka. Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo, na hospitali wakasema ulikuwa na ufa tangu kabla ya mechi.

Kombe tukachukua. Kasiani akalala hospitali, mtihani wa mwisho ukampita.

Alipoomba kurudia mwaka, walimu walikaa kikao. Mwalimu Didas akaulizwa, akajibu kwamba aliuliza mbele ya timu nzima na kijana hakuvua. Ikaonekana Kasiani alificha ugonjwa wake kwa tamaa ya kucheza, akajiumiza mwenyewe. Nafasi ikaenda. Ndiyo hilo jina likazaliwa, Kaficha, na ualimu ukawa umeishia hapo.

Turudi sokoni.

Alikuwepo jamaa anaitwa Pius. Wakati ule alikuwa golikipa wa timu hiyo hiyo, na sasa alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, tangu watu binafsi waruhusiwe kununua. Ana lori, ana sauti. Akatangaza kwamba baada ya mavuno anaanzisha kombe la maveterani, na litaitwa Kombe la Mwalimu Didas, maana mzee ameshastaafu, yuko Milanzi, na tumsherehekee angali hai.

Wazo zuri. Mimi mwenyewe nilipiga makofi.

Ila pale mezani kwangu ndipo mashabiki walipokuwa wanakutana, na ubishi ukaanza siku hiyo hiyo. Kuna aliyesema, sawa, lakini yule mzee si ndiye alimaliza mguu wa fundi? Pius akaja juu.

"Mwalimu alimlazimisha nani? Aliuliza! Mtu mzima ameulizwa, kakaa kimya. Kosa la nani?"

Na kusema ukweli Pius alikuwa na hoja nyingi. Mwalimu Didas alikuwa anapanda baiskeli mpaka vijijini kuwabembeleza wazee waache watoto wao wasome. Nusu ya walimu wa wilaya ile walipita mikononi mwake. Baba yake Kasiani, kule Mpui, alikuwa ameshaamua kijana abaki shambani. Mwalimu ndiye aliyekwenda akakaa naye, wakanywa, wakaongea, kijana akaenda chuo.

Siku zikapita hivyo hivyo, watu wanagawanyika, na Kasiani anakanyaga cherehani chake kama vile anayezungumziwa yuko Kigoma.

Sasa kuna Msukuma mmoja, Masanja, mfugaji, alikuwa anapandisha kutoka Muze kuja kuuza ng'ombe, na hapo alikuwa anachagua koti. Akasikiliza weee, mwisho akauliza kilichokuwa kinabishaniwa. Tukamweleza.

Akacheka. "Ninyi Wafipa mna mambo. Sisi ng'ombe akichechemea hatumuulizi kama anaweza kuvuta jembe. Tunaushika mguu tunauangalia. Huyo mwalimu hakuushika?"

Pius akasema mtu siyo ng'ombe, mtu ana mdomo.

Hapo ndipo cherehani kikasimama.

"Aliushika," Kasiani akasema.

Wakuu, nilikaa na yule mtu meza moja misimu mingapi, sikuwahi kusikia habari hiyo. Alisema jioni ya kuamkia fainali alikwenda nyumbani kwa Mwalimu, akamwonyesha kifundo kimevimba, akamwambia kesho sitaweza. Mwalimu akakibonyeza kwa dole gumba, kisha akamwambia, "Utasema kesho uwanjani, mbele ya wenzako."

"Mbona hukusema siku zote hizi?" nikamuuliza.

"Ningemwambia nani? Neno langu na neno la Mwalimu Didas, wewe ungechukua lipi?"

Ningechukua la Mwalimu, na yeye alijua.

Pius akamwambia anataka kumchafua mzee wa watu uzeeni. Kasiani akasema hataki kombe libadilishwe jina, hataki fidia, hataki chochote. "Nataka aseme tu kwamba nilimwambia. Nimechoka kuitwa Kaficha."

Basi kuanzia hapo mji ukawa na timu mbili. Wengine wanasema fundi anatafuta huruma, wengine wanasema kombe lisichezwe kabisa. Nilipoteza wateja kwa ajili ya ule ubishi, maana nilikuwa upande wa Kasiani na sikuficha. Aliniuma moyoni yule bwana.

Pius, nimpe haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alitaka amani. Siku ya mechi akampa Kasiani jezi ya heshima akae benchi na wachezaji wenzake wa zamani. Jezi zilitoka kwenye belo langu, nilichambua zinazofanana rangi, na zilibaki za ziada tele. Niliziangalia zile za ziada nikasikia hasira. Mtu alipoteza kazi yake kwa sababu ya kukosekana kitambaa!

Mwalimu akafika na koti lake jeusi na kofia. Alikuwa amezeeka, mwembamba, anatembea taratibu. Wachezaji wote wakachutama na kupiga makofi ya polepole, ndivyo kwetu tunavyomsalimu mkubwa.

Kasiani peke yake akabaki amesimama.

Nikasikia watu nyuma yangu wanaguna, "Ona kiburi." Nikageuka nikawaambia kile kifundo hakikunjiki, achutame vipi?

Pius akamwomba Mwalimu awapange mstari kama zamani, kwa kumbukumbu. Mzee akatabasamu. Akapita mbele yao mmoja mmoja, akasema yale maneno yake.

"Asiyeweza avue."

Uwanja mzima ukacheka kwa furaha. Vitambi vile, nusu yao walipaswa kuvua.

Kasiani akavua.

Akaikunja jezi vizuri, kifundi, akasogea nayo mpaka kwa mzee. Kicheko kikafa kidogo kidogo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Kasiani."

"Siwezi, Mwalimu. Na ile siku pia nilikuwa siwezi. Nilikuja kwako jioni nikakuonyesha."

Pius akaingilia, "Kasiani, ndugu yangu, leo siyo siku yake."

Mzee akamwambia Pius, "Mwache." Akaipokea ile jezi, akaishika kwa mikono yote miwili. Mimi nilidhani atairudisha kwa Pius aondoke zake.

Kisha akasema, wala hakupaza sauti, waliokuwa mbali wakawa wanaulizana kasemaje.

"Alikuja. Nilikishika kifundo kwa mkono wangu, kilikuwa kimevimba. Nikamwambia akaseme uwanjani, na nilijua hatasema. Hakuna kijana ambaye angesema pale. Nilikuwa nalitaka lile kombe." Akaitazama ile jezi mikononi. "Na kwenye kikao cha walimu niliogopa."

Wakuu, hakuna aliyejua afanye nini. Mimi machozi yalinitoka, siwaonei aibu.

Mzee akavua koti lake, akampa Pius amshikie. Akauliza, "Ndoo iko wapi?"

Watu hawakumwelewa. Akaifuata mwenyewe ilipokuwa, pembeni ya benchi, akainyanyua. Pius akakimbia kumpokea, akakataa. Mechi ikabidi ianze hivyo, na kipindi chote cha kwanza mgeni rasmi alikuwa pembeni ya mstari na shati lake katika upepo ule, anabeba maji. Kasiani alikuwa amevaa sweta lake, Pius kamkalisha kwenye kiti kilichoandaliwa kwa ajili ya Mwalimu.

Mapumziko yakaja. Wachezaji wanahema, wanamkimbilia mwenye maji. Mzee akawapita. Akachota kikombe, akaenda mpaka kwenye kile kiti. Kasiani akataka kuinuka, mguu ukamsumbua.

Mwalimu Didas akachutama mbele yake, uzee wote ule, akampa maji.

Kasiani akayapokea kwa mikono miwili. "Asante, Mwalimu." Akanywa yote.

Basi. Mpira uliendelea, nani alishinda sikumbuki na sijali.

Ubishi haukuisha, msidhani. Wiki iliyofuata meza yangu ilijaa. Wengine walisema mzee ametoka kirahisi mno, kwamba ndoo ya maji hairudishi kazi ya mtu. Ni kweli, hairudishi. Wengine, Pius mmojawapo, walikuwa na aibu sasa, wakataka jina la Mwalimu liondolewe.

Aliyekataa ni Kasiani. Alisema bila yule mzee na baiskeli yake, yeye asingefika hata kwenye huo mstari wa kuulizwa. "Acheni jina lake. Ila mkisimulia lile bao, simulieni na jioni ya kuamkia fainali." Akarudi kwenye suruali aliyokuwa anapunguza.

Kombe likachezwa miaka kadhaa kwa jina hilo hilo, mpaka lori la Pius lilipokufa na kombe nalo likafa. Mwalimu alianza kupita pale sokoni na nguo zake za kushona, hata zisizohitaji kushonwa. Anakaa kwenye benchi, wanaongea mambo ya mvua. Jina la Kaficha sikulisikia tena, hata kwa watani.

Nilichojifunza mimi: kumuuliza mtu mbele za watu swali ambalo unajua hawezi kulijibu, siyo kumuuliza. Umeshaamua, unatafuta tu wa kumbebesha. Na kumdai mtu ukweli hakumaanishi humpendi. Kasiani alimpenda yule mzee kuliko sisi wote tuliokuwa tunampigia makofi.

Sasa semeni na ninyi. Ungekuwa kwenye kamati ya Pius, ungeliacha kombe lile na jina la Mwalimu Didas, au ungelifuta? Kuna mwenye kocha au mwalimu wake wa namna hiyo, ambaye mpaka leo hujui umshukuru au umdai? Lete tusome, mimi nipo.