Enid, Msikilizaji wa Santuri

Kwa miaka kumi na minane Enid Pargeter alilipwa kusikiliza, na ole wake aliyedhani hiyo ni kazi ya kukaa tu. Pale kiwandani, magharibi mwa London, aliletewa santuri moja katika kila mia. Akisikia kasoro anainua mkono, mashine inasimama. Hata mabwana wa suti walingoja neno la mama huyu mfupi mwenye aproni.

Kisha ikatoka santuri ndogo ya nyimbo nne, ya bendi ya rock ya vijana wenye nywele za kufunika macho. Wiki ya pili tu ikashika namba moja nchi nzima. Maduka yakalilia mzigo, mashine hazikupoa.

Jumanne, saa ya chai, Maureen, binti aliyeletwa ajifunze kazi kwake, alivua spika za masikioni.

"Bi Enid, huu wimbo wa tatu umeupitisha kweli? Una mlio."

"Mlio gani? Si kelele za hao wapenzi wako!"

"Wacha utani, Bi Enid. Tik, tik. Sikiliza."

Enid akasikiliza mara tatu. Gitaa alilisikia, ngoma aliisikia. Tik hakuisikia ng'o. Akaingiwa na hofu, maana siri yake aliijua: tangu baridi ianze, birika lake nyumbani, lile la kupiga filimbi maji yakichemka, lilikuwa likichemka bila yeye kuisikia filimbi. Naye ni mjane, hana kazi nyingine aijuayo. Angeweza kumkaripia binti, yakaisha. Nani angemwamini mgeni mbele ya Enid?

Akainuka, akamfuata msimamizi, Bwana Tuffnell.

"Simamisha mashine ya nne. Kuna mlio."

"Umeusikia?"

"Kausikia Maureen. Mimi sikusikia kitu. Masikio yameniaga, Bwana Tuffnell. Nilikuficha."

Tuffnell akapiga kengele, mashine ikatulia. Akamtazama Enid bila hasira.

"Ulimficha nani? Mimi nilijua kabla yako. Unadhani kwa nini kila unachopitisha kinapita tena kwa Maureen?"

"Mungu wangu! Na hukunifukuza?"

"Nikufukuze vipi, na wewe ndiye uliyemfundisha huyo binti kusikia? Rudi ukanywe chai yako, inapoa."

Enid, aliyemzika mume bila chozi, akalia palepale mbele ya mashine.