Kung'oa Jino Mbele ya Mama Mkwe

Miaka ile ya sitini nilikuwa nikingʼoa meno katika zahanati moja ya Homa Bay, na naapa sijawahi kuona watu wenye afya kama wagonjwa wangu. Uliza mtu kama ana presha: hana. Moyo? Chuma! Kisukari? Hata ukoo wao haukijui. Tatizo ni kwamba chumba kilikuwa kimoja, na maswali yangu yalisikika na benchi zima. Nani angekiri ugonjwa mbele ya jirani anayetaka kumposea mwanawe binti yako? Basi wote walikuwa wazima, na wote walitoka jasho.

Siku moja akaja mwalimu mmoja kutoka Uriri, shavu limevimba kama aliyebana embe. Aliingia kwa kishindo, akaona nani amekaa kwenye benchi, akanywea. Alikuwa mama mkwe wake, naye kaleta jino lake. Kwa Waluo hilo si jambo dogo. Mkwe hamkaribii mama wa mkewe, hamgusi, na kula mbele yake ni aibu ya kumhamisha mtu kijiji. Wakapeana visogo, mmoja huku, mwingine kule.

"Mwalimu, una kisukari?" nikauliza zamu yake ilipofika.

"Mimi? Mzima kabisa, daktari!"

"Umekula?"

"Nimeshiba."

Uongo mtupu, kama nilivyokuja kujua baadaye! Alikuwa amejichoma sindano ya insulini alfajiri, na viazi vitamu vyake vilikuwa mkobani vikingoja mama mkwe aondoke. Na mama mkwe, yawa, jamani, haondoki.

Alipokaa kitini akaanza kutetemeka, shati likalowa, akaniita kwa jina la mkewe. Hapo nikajua sukari imemshuka mwilini, na hasira ikanipanda: msomi mzima anakufa kwa adabu! Nikakimbilia kabati la chai. Tupu. Sukari ya serikali siku zote ilikuwa na miguu.

"Kitu kitamu, haraka!" nikapiga kelele. "Mtu anazimika!"

Benchi likatazamana. Mama mkwe akasimama.

"Wuololo!" mtu akapayuka.

Mama akafungua pindo la leso, akatoa kipande cha sukari nguru, akamega, akamtia mkwewe mdomoni kwa kidole chake mwenyewe, mbele ya macho yote yale.

"Meza," akamwambia. "Polepole."

Mwalimu alipopata fahamu, mama alikuwa ameshageukia ukuta. Nikamuuliza kwa nini anatembea na sukari nguru.

"Na mimi hujichoma sindano," akauambia ukuta. "Usimwambie huyo."

Huyo alikuwa pale pale, anasikia kila neno.

Sikungʼoa jino la mtu siku ile. Wiki iliyofuata wakarudi wote wawili, wakapeana visogo kama kawaida. Kabla sijauliza chochote, yule mama, ambaye sasa shavu lake lilikuwa limevimba kuliko la mkwewe, akainuka.

"Daktari, mwambie huyo aliye nyuma yangu afungue viazi vyake. Mimi niko nje."

Akaenda kusimama juani, mkono shavuni. Mwalimu akala huku machozi yanamtoka.

"Amemaliza?" sauti ikauliza dirishani.

"Bado, mama," nikamjibu. "Njoo ukae kivulini, jua kali."

"Asiharakishwe," akasema. "Nitasimama."