Mkeka wa Mwanvita

Mwanvita wa Mlali ni mtu wa kubeba. Akienda msibani hapo jirani tu, usidhani ataondoka na kanga peke yake. Ataondoka na mwavuli, chupa ya chai, sweta, na vitunguu visije vikapungua huko aendako. Watu humcheka. Naye huwaambia chekeni, mvua ikinyesha mtaniita, na kweli humwita.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa na mwanawe wa miaka saba kwamba kigari hakiendi Dar.

Mtoto mwenyewe, Hafidhi, alizaliwa na mguu kifundo, ule unaopinda unyayo kwa ndani. Madaktari waliunyoosha kwa plasta tangu uchanga, na leo anacheza mpira na wenzake vizuri tu. Ila akitembea mchana kutwa unamuuma, na ubaya wake hasemi. Siku ya Nane Nane aliuzunguka uwanja mzima huku anacheka, kumbe anaugulia moyoni. Kesho yake hakuweza kukanyaga chini, na Mwanvita akalia kumshinda mtoto. Ndiyo maana walipopanga kwenda kwenye bustani ya michezo huko Dar, mama aliazima kigari cha kusukumia mtoto, kile cha kukunjwa, kwa shoga yake Angelina wa Mazimbu.

"Sikipandi," Hafidhi akasema. "Mimi nimeshatoka jando. Mjomba kasema mwanaume habebwi."

"Mjomba wako huyo huyo jana kabebwa na bodaboda."

Mtoto hakucheka. "Watu watanicheka, mama."

Hapo Mwanvita akalainika, maana aibu ya mtoto nayo ni maumivu. Wakapatana: kigari kinabaki nyumbani, lakini mguu ukianza kuuma Hafidhi atasema palepale, bila kungoja. Wakapeana mikono kama watu wazima waliouziana shamba.

Asubuhi ya safari Mwanvita aliamka na nia njema kabisa. Akafunga vitumbua, akafunga maji, akafunga na sweta la mtoto, la kuvaa kwenye joto la Dar, jamani. Kisha akakitazama kigari pale ukutani, na kigari nacho kikamtazama. Ahadi ni deni, hilo alilijua. Akatandika mkeka, akakilaza juu yake, akauviringisha, akakaza kamba.

Kwenye stesheni ya treni ya umeme, kijana wa kukagua mizigo aliikodolea macho skrini yake. "Mama, mbona mkeka wako una magurudumu?"

Mwanvita akaweka kidole mdomoni na kumkonyeza. Kijana wa watu akaziba kicheko, akaupitisha. Hafidhi alikuwa ameshatangulia, hana habari, na treni ilipofika Ngerengere pua yake ilikuwa bado imeganda kwenye kioo.

Bustanini, Mwanvita alikiona cha moto. Jua la Dar halina adabu, si kama la kwao chini ya milima. Mtoto akikimbilia bembea, naye huyo nyuma, mkeka begani, kapu mkononi, jasho mpaka kwenye kope. Walipokaa kula, Hafidhi akauliza, "Mama, tusitandike mkeka?"

"Uache, utachafuka."

"Mkeka uchafuke?"

"Kula, mwanangu."

Wakala wamekaa kwenye majani, mkeka umeegemezwa pembeni kama mgeni rasmi. Hafidhi akamwangalia mama yake anavyohema. "Umechoka?"

"Nichoke kwa lipi? Hebu twende."

Alasiri wakapanga foleni ya gurudumu kubwa la kuzungusha watu angani, lile hasa alilolifuata Hafidhi. Mbele yao wavulana, nyuma yao wavulana. Foleni ikasogea kidogo, na Hafidhi hakusogea.

"Mama," akasema, wala hakunong'ona, "mguu umeanza kuuma."

Mwanvita hakujua acheke au alie. Kasema! Mbele za watu wote wale, kasema. Halafu furaha ikamgeuka, kwa sababu mtoto katimiza ahadi yake, na yeye ya kwake aliivunja kabla hata hawajatoka nyumbani. Angeweza kumbeba mgongoni na mambo yakaishia hapo, na wazo hilo lilimpitia. Lakini bega lenyewe lilikuwa limekufa ganzi. Akachutama, akafungua kamba.

Hafidhi akakitazama kigari, akautazama mkeka, akamtazama mama yake.

"Nisamehe, baba," Mwanvita akasema. "Niliogopa hutasema."

Mtoto akanyoosha mkono akamgusa begani, pale kamba ilipoacha alama. "Umekibeba tangu nyumbani?"

"Tangu nyumbani."

"Na hapa panauma?"

"Hapaumi."

"Mama." Hakumpandishia sauti. "Si tumekubaliana tunasema?"

Watu wa nyuma walikuwa wanangoja wasogee.

"Panauma," Mwanvita akasema. "Panauma sana, mwanangu. Nimechoka."

Hafidhi akaitikia kwa kichwa. Akapanda kigari mbele ya wavulana wote wale, akalivuta kapu na kulipakata. "Lete na mkeka," akasema. Mwanvita akampa, akaanza kusukuma.